Somo la 9: Barua ya Mama Iliyokwenda Kairo

MANENO YA KUJIFUNZA KABLA YA KUSOMA

Dhiraa: kipimo cha urefu, tangu kiwiko cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati.
Tarakimu: alama za kuandikia hesabu, kama 1, 2, 3.
Mwenyeji: mtu anayempokea mgeni nyumbani kwake.
Mafuriko: maji mengi yanayojaa na kupita kingo za mto.
Kodi: fedha au mazao ambayo raia huilipa serikali.
Kukodisha: kumpa mtu mali yako aitumie kwa muda, kwa malipo.

1. MZIGO WA KUPELEKA

Mimi ni mfanyakazi wa Elimu ya Watu Wazima. Nina rafiki yangu niliyesoma naye shule ya msingi katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Viktoria, mkoani Mwanza. Rafiki yangu huyo alikwenda kusoma Kairo, mji mkuu wa Misri. Alipomaliza masomo alipata kazi huko huko. Alioa, akapata mtoto. Miaka minane ilipita bila yeye kurudi nyumbani. Kila mara aliniambia, "Ndugu yangu, njoo unitembelee." Nilidunduliza fedha kwa miaka mitatu, ndipo nikaweza kwenda.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mama yake aliniita nyumbani kwake. Alinipa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mfuko wa dagaa wakavu. Cha pili kilikuwa barua. Bahasha yake ilikuwa imegandishwa kwa ugali.

Mama akaniambia, "Mwanangu, barua hii umpe mkononi mwake. Usimpe mtu mwingine. Nimeiandika mimi mwenyewe."

Nilishangaa. Mama huyu nilimfahamu tangu utoto wangu. Alikuwa hajui hata kushika kalamu. Lakini miaka miwili iliyopita alijiunga na darasa la kisomo la kijiji. Alikuwa akifika darasani na jembe begani, moja kwa moja kutoka shambani.

Nikamwuliza, "Mama, kwa nini usimpigie simu?"

Akajibu, "Simu ni ya jirani. Nikisema neno moja, ukoo mzima unalisikia. Barua haina masikio."

Niliiweka barua pamoja na pasipoti yangu. Msafiri wa kwenda nchi nyingine hana budi kuwa na pasipoti. Nchi nyingi humtaka pia awe na viza, yaani ruhusa ya kuingia. Aidha, mara nyingi huulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Karatasi hizi zote husomwa na maofisa mpakani. Nawe yakupasa uzisome kwanza, ujue zinasema nini juu yako.

2. MWALIMU ASIYEJUA KUSOMA

Ndege yangu ilichelewa sana. Rafiki yangu alingoja uwanjani mpaka saa yake ya kazi ikafika, akaondoka. Simu yangu ilikuwa imekwisha moto. Nilikuwa na karatasi yenye jina la mtaa wake na maneno "nyumba namba 10". Dereva wa teksi alinishusha mwanzo wa mtaa huo, akaenda zake.

Nikatazama huku na huku. Vibao vya maduka viliandikwa kwa Kiarabu. Majina ya mitaa yalikuwa kwa Kiarabu. Namba za magari pia zilikuwa kwa Kiarabu. Mimi sikusoma madrasa. Sikuweza kusoma hata neno moja. Nilikuwa nimewafundisha watu wazima kusoma kwa miaka saba, na sasa mimi mwenyewe nilikuwa kama mtu ambaye hajafika darasani hata siku moja.

Nilianza kutembea taratibu. Nikaona mlango wenye kibao kilichoandikwa hivi: ١٥. Nikajiambia, "Hii ni moja, na hii ni sifuri. Hapa ni namba 10." Nikabisha hodi kwa furaha.

Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akafungua. Nilimtajia jina la rafiki yangu. Alitikisa kichwa, lakini hakunifukuza. Alisema, "Ahlan wa sahlan," akanivuta ndani, akaniketisha, akaniletea chai tamu yenye majani ya nanaa. Nilipomaliza chai nilimwonyesha karatasi yangu. Akaitazama, akacheka. Alinipeleka mlangoni, akagusa kibao chake, kisha akanyosha vidole vyake vyote kumi. Halafu akanyosha vidole vitano zaidi. Nyumba yake ilikuwa namba 15!

Mjukuu wake alinishika mkono akanipeleka namba 10, kwenye kibao kilichoandikwa ١٠. Mke wa rafiki yangu alikuwa mlangoni akinitafuta kwa macho. Rafiki yangu aliporudi kazini jioni, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilicheka pia. Lakini moyoni niliwakumbuka wanafunzi wangu. Nilielewa vizuri ni kitu gani kusimama mbele ya maandishi yasiyokuambia neno.

3. MWALIMU WANGU WA MIAKA SITA

Jioni ile mtoto wa rafiki yangu, msichana wa miaka sita, alinifundisha tarakimu za huko. Wengine kati yenu mliosoma madrasa mnazijua tayari. Ni hizi:

0 ni ٠
1 ni ١
2 ni ٢
3 ni ٣
4 ni ٤
5 ni ٥
6 ni ٦
7 ni ٧
8 ni ٨
9 ni ٩

Tazama vizuri. Sifuri yao ni nukta tu. Tano yao ni duara, inafanana na sifuri yetu. Hapo ndipo nilipopotea. Sita yao inakaribia kufanana na saba yetu. Maneno ya Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini tarakimu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama zetu.

Mtoto yule alifurahi kuona kwamba maneno mengine niliyajua tayari. Wao husema "sitta", nasi husema sita. Wao husema "sabaa", nasi husema saba. Maneno yetu kitabu, kalamu, daftari, karatasi, safari na rafiki yametoka katika Kiarabu. Hata mkate una habari yake. Wamisri huuita mkate "eish", maana yake uhai. Neno hilo ni la ukoo mmoja na neno letu kuishi. Usiku ule tulikula mkate huo pamoja na maharage makubwa yaliyopikwa kwa muda mrefu. Dagaa nao walikaangwa. Rafiki yangu alipowaonja alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hawa ni wa nyumbani."

Baada ya chakula nilimpa barua mkononi. Akauliza, "Nani amemwandikia mama safari hii?" Nikasema, "Ameandika mwenyewe." Aliifungua, akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakusema kitu.

4. MJI WA KALE

Siku iliyofuata rafiki yangu alinitembeza mjini. Kairo ni mji mkubwa mno, na ni wa zamani sana. Waarabu walipoingia Misri walijenga mji wa Fustat mwaka 641, mahali ambapo leo ni sehemu ya Kairo. Mwaka 969 watawala walioitwa Wafatimi walianza kujenga mji mpya upande wa kaskazini. Mji huo ndio ulioitwa Kairo. Kwa Kiarabu jina lake ni al-Qahira, yaani Mshindi.

Tulipita katika lango liitwalo Bab Zuwayla. Lilijengwa mwaka 1092, na mpaka leo watu hupita chini yake na mikokoteni, pikipiki na vikapu vya mikate kichwani. Kairo mambo ya kale hayakufungiwa kabatini. Watu hukaa ndani yake, hufua nguo, hufungua maduka. Chini ya ardhi hupita treni ya mjini iliyoanza mwaka 1987, ambayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika.

Tulifika pia Msikiti wa Al-Azhar, ambao ulianza kujengwa mwaka 970. Watu wamesoma hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wanafunzi wengi kutoka Afrika Mashariki wamesoma Al-Azhar, na rafiki yangu ni mmoja wao. Mji huu ulitembelewa pia na msafiri mashuhuri Ibn Battuta mwaka 1326. Miaka mitano baadaye, mwaka 1331, alifika Kilwa, hapa kwetu. Tunayajua aliyoyaona Kilwa kwa sababu habari za safari zake ziliandikwa. Watu wengine wengi walisafiri kama yeye, lakini habari zao zilikufa pamoja nao.

Siku nyingine tulikwenda Giza kuona piramidi. Kubwa kuliko zote ni kaburi la mfalme Khufu. Ilijengwa yapata miaka 4,500 iliyopita, na kimo chake kilikuwa mita 146. Nilisimama chini yake nikajiona kama siafu chini ya kichuguu.

5. NGUZO YA MAJI

Siku ya nne rafiki yangu alisema, "Leo nitakuonyesha kitu kinachotuhusu sisi watu wa ziwani." Tukaenda katika kisiwa cha Roda, katikati ya Mto Naili.

Mto huu ni jirani yetu. Hutoka katika Ziwa Viktoria karibu na Jinja, nchini Uganda. Maji hupita Uganda, halafu Sudan Kusini, ambako mengi hupotea katika mabwawa makubwa yenye nyasi. Khartoum, nchini Sudan, yanakutana na mto mwingine uitwao Naili ya Buluu, unaotoka Ethiopia. Kisha yanavuka jangwa mpaka Misri. Nilichovya mkono mtoni, nikawaza kwamba maji haya huenda yalipita chini ya mitumbwi ya kijijini kwetu.

Katika kisiwa hicho kuna shimo kubwa lililojengwa kwa mawe. Katikati yake imesimama nguzo ya marumaru yenye pembe nane. Ngazi zinashuka kandokando ya ukuta. Nguzo hiyo ilijengwa mwaka 861. Wenyeji huiita "mikyasi", neno la ukoo mmoja na neno letu kiasi. Ni kipimo cha Mto Naili. Zamani maji ya mto yaliingia shimoni kwa mifereji, yakapanda juu ya nguzo. Nguzo imechorwa alama za dhiraa. Dhiraa moja yake ni kama sentimita 54.

Kwa nini walipima maji? Kwa sababu mvua Misri ni haba sana. Mkulima alitegemea mafuriko ya kila mwaka, ambayo hasa yaliletwa na mvua za Ethiopia. Maji yalipanda mashambani, yakaacha udongo wenye rutuba. Maji yakifika dhiraa 16 watu walifurahi. Yakiwa pungufu mno, mashamba yalikauka na njaa ikaja. Yakizidi mno, yalibomoa kingo na vijiji. Tangu mwaka 1200 hadi 1202 maji hayakupanda vya kutosha, ikawa njaa kubwa iliyoua watu wengi sana.

Serikali ilitumia kipimo hicho kukadiria kodi. Maji mema yalikuwa na maana ya mavuno mema, na mavuno mema yalikuwa na maana ya kodi kamili. Wapiga mbiu walipita mitaani kutangaza maji yamepanda kiasi gani. Lakini mtawala mmoja, al-Muizz, aliyeingia Kairo mwaka 973, alikataza kipimo kisitangazwe kwa watu mpaka maji yafike dhiraa 16. Alisema watu wakisikia kwamba maji ni machache, wataficha nafaka na bei itapanda.

Mwaka 1970 Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika. Tangu hapo mafuriko hayafiki tena Kairo, na nguzo haina kazi. Imebaki ukumbusho.

Rafiki yangu alikaa juu ya ngazi, akasema, "Fikiri, ndugu yangu. Mkulima alikuwa mbali, shambani kwake. Hakuiona nguzo. Aliyeisoma alijua kama mwaka ni wa shibe au wa njaa. Mkulima aliambiwa tu, naye akalipa."

Kisha akatoa barua ya mama yake mfukoni, akanipa. "Soma," akasema.

6. MANENO YA MAMA

Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimeinama kama mtu mwenye mzigo. Mama alikuwa ameandika hivi:

"Mwanangu. Salamu. Mimi mzima. Naandika mimi mama yako. Mwaka jana baba yako mdogo alileta karatasi. Alisema ni ya kukodisha shamba la marehemu baba yako kwa misimu miwili. Alitaka nitie dole gumba. Nikasema ngoja nisome. Nilisoma pole pole. Niliona neno nimeuza. Sikutia dole. Sasa yeye hafiki kwangu. Siwezi kusema haya kwa simu. Niambie tufanye nini. Mama yako."

Nilimaliza kusoma, tukanyamaza wote wawili.

Mwishowe rafiki yangu akasema, "Kila nikipiga simu mama alisema, 'Hapa salama tu.' Nami niliamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi. Nina digrii mbili. Mama yangu ana miaka miwili ya kisomo, na yeye ndiye aliyeliokoa shamba."

Usiku ule alikaa mezani kuandika jibu. Aliandika ukurasa mzima kwa mwandiko wake wa haraka, ule wa kuunganisha herufi. Kisha akaushika mbali na macho, akautazama. Akauchana. Akaanza upya, kwa herufi kubwa zilizoachana, na sentensi fupi. Mkewe alimwuliza kwa nini anaandika kama mtoto. Akajibu, "Ili mama asome mwenyewe."

7. KURUDI

Nilirudi kijijini baada ya siku kumi. Nilimkuta mama akianika mihogo. Nilimpa barua mkononi. Nikangoja, kwa mazoea ya zamani, aniambie nimsomee. Hakuniambia.

Alifuta mikono yake kwa kanga, akaenda kukaa chini ya mwembe. Alisoma kwa muda mrefu, akifuata mstari kwa kidole, midomo ikicheza. Kuku walikula mihogo yake, hakuwaona. Aliporudi aliniambia mambo mawili tu: kwamba shauri la shamba wanalipeleka kwenye baraza la ardhi la kijiji, na kwamba mwanawe anakuja mwezi wa saba.

Mengine yaliyokuwemo hakuniambia. Aliifunga barua katika pindo la kanga, akaenda kuwafukuza kuku.

MASWALI

1. Mama alimpa msafiri vitu gani viwili?
2. Kwa nini mama hakutaka kusema habari zake kwa simu?
3. Msafiri alikosea nyumba kwa sababu gani? Mzee wa nyumba ile alimtendeaje?
4. Nguzo ya kisiwa cha Roda ilikuwa na kazi gani? Kwa nini leo haina kazi?
5. Mama aliliona neno gani katika karatasi ya shamba? Lina tofauti gani na neno alilotajiwa?
6. Kwa nini rafiki aliichana barua yake ya kwanza?

ZOEZI LA HESABU

1. Andika kwa tarakimu zetu: ٢٥, ٥٠, ٧٨, ١٠٠.
2. Dhiraa moja ya nguzo ni kama sentimita 54. Dhiraa 16 ni sentimita ngapi? Ni mita ngapi na sentimita ngapi?
3. Nguzo ilijengwa mwaka 861. Bwawa la Aswan lilikamilika mwaka 1970. Ni miaka mingapi kati yake?

ZOEZI LA KUANDIKA

Mwandikie barua ndugu yako aliye mbali. Andika sentensi sita. Usimpe mtu mwingine akuandikie. Mkimaliza, kila mmoja aifunge barua yake. Si lazima kuisoma mbele ya darasa.

MAJADILIANO

1. Mtu akikuletea karatasi utie sahihi au dole gumba, utafanya nini kwanza? Kama huwezi kuisoma, utamwendea nani unayemwamini?
2. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kuwa na baraza la ardhi la kusuluhisha migogoro. Je, katika kijiji chenu ni akina nani walio katika baraza hilo? Mwalimu amwalike mmoja wao aje darasani.
3. Mzee wa Kairo alimpokea mgeni asiyemfahamu. Je, kijijini kwetu mgeni aliyepotea hupokelewaje?